Daftari la Makosa la Mwalimu Raudha

Mwalimu Raudha nilimtukana mie, mbele za watu, saa nne ya asubuhi, tena matusi yenyewe si ya kurudiwa mbele ya watoto. Naanza na hilo kabla hamjalisikia kwa mwingine, maana Kinyerezi hapa watu wana midomo. Jina langu Hamida, ila wote wananiita Mama Lulu. Nakaanga maandazi na chapati nje ya geti la shule moja ya binafsi, jina silitaji, sitaki kesi. Mwanangu Lulu alikuwa anasoma humohumo, darasa la sita, na mwalimu wake wa hesabu alikuwa huyo Raudha.

Raudha ni mtoto wa Gongo la Mboto, wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake Mzaramo wa Pugu, na yeye ndiye wa kwanza kwao kushika chaki. Mwembamba, sauti ndogo, baibui limepauka mabegani kwa vumbi la ubao. Ukimwona njiani utadhani anakwenda msibani. Lakini darasani, wee! Nilikuwa namsikia vizuri tu, maana dirisha la darasa la sita linatazama meza yangu. Mtoto akitoa jibu, hata kama ni sahihi, hamwambii sahihi. Anamuuliza, "Umefikaje hapo?" Basi mtoto aeleze njia yote toka mwanzo, taratibu, huku wenzake wanamsikiliza. Akikosea hapigwi. Fimbo aliyopewa aliiweka kabatini mwaka wa kwanza, na walipomuuliza akasema haioni.

Kitu chake kikubwa kilikuwa daftari la makosa. Kila mtoto awe na daftari dogo, na kila siku kabla ya kengele ya kutoka aandike kosa lake moja, mistari mitatu. Mstari wa kwanza unaanza "Nilidhani". Wa pili unaanza "Kwa sababu". Wa tatu, "Nimegundua". Na aandike kwa Kiswahili, ingawa shule ni ya Kiingereza, kwa sababu Raudha anasema mtu hufikiri kwa lugha ya kwao na hukosea kwa lugha ya kwao. Siku ya kwanza aliwaambia, "Humu hapigwi mtu, hachekwi mtu, hahesabiwi mtu. Daftari hili ni la mimi na wewe tu." Lulu alinihadithia maneno hayo jioni ile, neno kwa neno, anameremeta.

Mie nilicheka. Nikasema, khaa, mtoto nampeleka shule ajifunze kupatia, huyu anamfundisha kuweka makosa? Mie nilisoma enzi za kukariri. Mwalimu anasema, mnaitikia, ukikosea unachapwa, kesho unakumbuka. Nimemaliza la saba hivyohivyo, na hadi leo sijui kwa nini ukizidisha sehemu mbili jibu linakuwa dogo. Najua tu kwamba linakuwa dogo.

Kilichonigeuza ni hamira. Mwaka jana mwezi wa tano maandazi yangu yaligoma kuumuka wiki nzima. Nikaenda dukani kwa Sultanali, mzee wa Kihindi ninayenunua kwake tangu Lulu hajazaliwa, nikamwambia anauza hamira mfu na Mungu anamwona. Nikanuna, salamu nikakata. Lulu akanikalisha jikoni, kalamu mkononi, ananiangalia kama mwalimu wake. "Mama, umejuaje kama ni hamira ya Sultanali? Ulijaribu ya duka lingine?" Nikajaribu. Maandazi yakalala vilevile. "Basi mama, nini kingine kimebadilika?" Nikafikiri weee, mpaka nikakumbuka kwamba nilipohamishia jiko la mkaa pembeni, kopo la hamira lilibaki kwenye kirafu juu yake, linapigwa joto kutwa. Lulu akaniandikisha. Nilidhani Sultanali ananiibia. Kwa sababu nilikuwa na hasira na sikupima. Nimegundua hamira inakufa kwa joto. Nilikwenda kumwomba radhi yule mzee, naye akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mama Lulu, wewe unatukana kwanza, kuuliza baadaye!"

Tangu hapo nikawa mtu wa Raudha. Nikimwona anapita namwekea chapati ya moto pembeni. Na Lulu, jamani, alibadilika. Zamani alikuwa akiona hesabu ngumu analia. Sasa akikwama anakaa, anajisemea peke yake, "Ninajua nini? Sijui nini?" Ilifika mwezi wa kumi alikuwa na madaftari mawili yamejaa na la tatu limeanza. Hakuruka hata siku moja. Hata siku alizoumwa alinituma nimpelekee daftari mwalimu, kosa limo, limeandikwa kitandani.

Sasa nimlete Tekla. Mwalimu Tekla ndiye mwalimu wa taaluma wa shule ile, yaani mitihani na matokeo ya shule nzima yako mikononi mwake. Yeye na Raudha walisoma chuo kimoja cha ualimu, chumba kimoja, sahani moja. Tekla alipojifungua mtoto wake wa kwanza, kwao bara hakuja mtu, na aliyemfulia nepi siku arobaini nzima ni Raudha. Na Tekla ndiye aliyemtafutia Raudha kazi pale. Mchana walizoea kuja kwenye benchi langu pamoja, wanachangia kikombe cha chai kikibaki kimoja, wanacheka vitu vya zamani. Ungeniuliza mie nani rafiki wa kweli hapa duniani, ningekuonyesha wale wawili.

Mwezi huo wa kumi Tekla akaja na ombi, kwenye benchi langu hilohilo, nasikia kwa masikio yangu. "Shoga yangu, naomba yale madaftari. Nataka niwaonyeshe walimu wenzetu kwenye kikao, wajifunze unavyofanya. Miaka mitatu unahangaika peke yako."

Raudha alifurahi, maskini. Miaka mitatu walimu wenzie walikuwa wanamcheka, wanasema anapoteza vipindi kwa stori. Lakini hakuyatoa hivihivi. Kesho yake aliwaomba watoto ruhusa. Nilimsikia dirishani. "Nyie mliniamini mimi. Mwalimu Tekla ni kama mimi. Mtaniruhusu?" Watoto wakaitikia ndiyooo, darasa zima, watoto arobaini na moja. Madaftari yalikuwa mengi, yakatiwa kwenye kiroba cha mchele, na aliyekibeba kichwani mpaka ofisini ni mie. Tekla alinipokea kwa tabasamu. "Asante Mama Lulu, Mungu akubariki."

Siku ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili, watoto walitoka na ripoti zao. Lulu alikuwa wa kumi na mbili kati ya wale arobaini na moja. Nikapiga kigelegele palepale, mwiko mkononi. Kisha akanipa bahasha nyingine, imefungwa kwa gundi, imeandikwa "Kwa Mzazi". Watoto tisa walipewa bahasha hizo. Nikaifungua nikiwa nacheka.

Shule ilinishukuru kwa ushirikiano wangu. Shule ikasema kwa maslahi ya mtoto, nimtafutie mazingira mengine yanayoendana na uwezo wake, au arudie darasa la sita. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikauliza kwa sauti, uwezo gani, si wa kumi na mbili huyu? Nikaendelea kusoma. "Mwanafunzi mwenyewe amekiri kwa mwandiko wake kutoelewa mambo ya msingi, kwa mfano: Nilidhani robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu." Chini yake mfano mwingine, na mwingine.

Lulu alikuwa anasoma begani kwangu. Akasema polepole, "Mama, haya maneno yangu." Kisha akasema, "Mbona hawajaandika mstari wa tatu?"

Maana mstari wa tatu ulikuwepo. Mie nilikuwa naujua, alinisomea mwenyewe siku alipouandika: Nimegundua chapati moja wakiigawana wengi, kila mmoja anapata kipande kidogo. Aliigundua kwa chapati zangu! Barua ikachukua ujinga ikaacha akili.

Damu ikanipanda. Raudha alikuwa anatoka getini na mkoba wake, anawaaga watoto, hana habari. Nikamwendea. Hapo ndipo nilipomwambia niliyomwambia. Nilimwita mnafiki, nilimwita muuza watoto, nikamtaja na mama yake, Mungu anisamehe. Wazazi wamesimama, wengine wameshatoa simu wanarekodi. Nikamtupia barua kifuani. "Hahesabiwi mtu, eti! Mtoto wangu alikuamini kuliko anavyoniamini mie niliyemzaa!"

Aliokota barua, akaisoma amesimama. Alipofika kwenye mfano wa robo na theluthi akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Hili ni kosa la daftari la pili, ukurasa wa kwanza." Akaikunja. Akanishika mkono mie niliyetoka kumtukana, akasema, "Mama Lulu, twende wote. Na Lulu aje."

Tekla alikuwa ofisini, kile kiroba kiko kona, mdomo wazi. Alipotuona watatu akajua. Akasema, "Raudha, funga mlango."

"Sifungi. Ulifanya nini na madaftari ya watoto wangu?"

"Kikao kilikuwepo kweli, usinione mwongo. Ila Mkurugenzi aliniita. Anataka mwakani darasa la saba liongoze kata, akasema tisa watoke. Tisa, Raudha, amenipa namba! Sasa ningewatoaje? Mtihani wamefaulu wote."

"Kwa hiyo ukahesabu makosa."

"Ningetumia nini? Mitihani tunatunga wenyewe, mtoto anaweza akakariri. Daftari lako ndilo linaloonyesha nani haelewi. Lulu ana makosa mia moja na themanini na tatu. Mwenyewe angalia. Anwar ana kumi na moja tu."

"Anwar alikuwa haandiki!" Sijawahi kumsikia Raudha akipaza sauti, miaka yote ile. "Niliwaambia waandike moja kila siku, Tekla. Kila siku! Mpaka siku niliyokupa madaftari, tulikuwa tumefundisha siku mia moja na themanini na tatu. Huyu mtoto hakuruka hata moja. Umemtoa kwa sababu alinitii."

Tekla akaangalia meza. Akasema, na hapa naomba mnielewe kwamba alikuwa analia kweli, "Na mie nina watoto. Ningekataa, wa kumi ningekuwa mie."

"Ungeniambia."

"Ungekataa kunipa."

Loo! Hilo lilimkata Raudha kuliko yote. Nilimwona. Kumbe alipokaa pale kwenye benchi langu na kusema shoga yangu, namba alikuwa keshapewa. Alijua tangu siku ile. Alikunywa chai ya mwenzie huku anajua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, lakini kuisikia methali ni kitu kimoja na kuishuhudia ikitendeka mbele yako ni kingine. Mie mdomo wangu huu uliomtukana asiyehusika, siku hiyo mbele ya anayehusika ulikauka. Nilimtazama tu yule mwanamke aliyenibariki kwa kumbebea mzigo.

Raudha alikwenda kona, akatoa madaftari ya watoto wale tisa, moja moja, anasoma majina. Tekla hakumzuia. Tukaenda kwa Mkurugenzi mwenye shule, naye akatusikiliza dakika tano, saa iko mkononi anaitazama. Akasema uamuzi ni wa shule, mzazi ana hiari, na mwalimu asiyeridhika naye ana hiari. Raudha alitoka mle hana kazi. Getini aliniambia, "Sikumpa madaftari, Mama Lulu. Nilimpa watoto." Kisha akapanda zake bodaboda akaenda.

Nilisikia baadaye alichofanya, maana nyumba nyingine ni za watu ninaowajua. Alizunguka kwa wale tisa wote, mmoja mmoja, Segerea, Gongo la Mboto, Kinyerezi, na likizo ikamwishia njiani. Kila nyumba aliomba aitiwe mtoto, siyo mzazi. Anamrudishia daftari mkononi, anamwambia, "Mimi ndiye niliyelitoa. Wewe hukukosea kuandika." Kuna nyumba walimfungia mlango. Kuna mama mmoja wa Segerea alimpa maji, akamwambia anywe aondoke. Hakujitetea, na jina la Tekla hakulitaja popote. Mie ningelibandika kwenye nguzo za umeme.

Sie alituweka wa mwisho. Alikuja mwisho wa mwezi wa kwanza, Jumamosi, shule zimeshafunguliwa na Lulu nimeshampeleka shule ya serikali upande wa Segerea, la saba, watoto mia na kitu darasani. Kurudia la sita nilikataa, na kubaki pale nilikataa zaidi. Meza yangu nayo nimeihamisha. Nilipomwona mlangoni nilishikwa na aibu, nikaanza mie. "Mwalimu, yale maneno yangu..."

"Uliyokuwa unayajua siku ile yalitosha kumtukana mtu," akasema. "Yameisha, dada yangu."

Nikamtandikia mkeka, nikamchemshia chai. Lulu akatoka ndani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Lulu." Akamrudishia madaftari yake matatu, akasema yale maneno aliyokwishayasema nyumba nane. Lulu alisikiliza mpaka mwisho, adabu yote, mikono imekunjwa. Akasema, "Nimeshakusamehe mwalimu. Mama aliniambia siyo wewe." Akayaweka madaftari kando, hakuyafungua.

Raudha akafurahi kidogo. Nilimwona anavyovuta pumzi. Akaanza kumuuliza habari za shule mpya, amekaa na nani, mwalimu wa hesabu anaelewekaje. Lulu akasema anaelewesha, hapigi sana. Juzi walifanya mtihani wa majaribio, yeye amekuwa wa nne. Wa nne kati ya mia na kitu! Nilikuwa sijamwambia mtu bado, nikataka nimtoboe Tekla macho kwa hiyo namba. Raudha akampigia makofi.

"Na akifundisha kitu kigumu," Raudha akauliza, "akasema nani hajaelewa anyooshe mkono, wewe huwa unanyoosha?"

Lulu akafikiri. Mwanangu siku hizi hajibu haraka, anafikiri kwanza, hilo hawakumnyang'anya.

"Kwanza naangalia nani anaandika majina," akasema.

Alilisema kawaida tu, hana hasira wala huzuni, kama mtoto anayemweleza mwalimu njia aliyofikia jibu. Raudha aliinamisha uso kwenye kikombe. Nilimsubiri aseme kitu, amwambie hapana Lulu, nyoosha tu mwanangu. Akanywa chai. Mie nami nilifungua mdomo nimwambie hivyohivyo, na nakuapieni, nikaufunga, kwa sababu mtoto alikuwa amepatia.